Ukikaa nyuma ya darasa, sikiliza kosa

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha hunikuta kwenye dawati la nyuma la shule fulani huku Rungwe, koti mwilini, fomu ya tathmini magotini. Andalio la somo, sauti, ubao, zana, udhibiti wa darasa: navijaza vyote. Ila vingi kati ya hivyo mwanachuo wa ualimu anaweza kuvipamba usiku mmoja akisikia mkufunzi anakuja kesho.

Nilishadanganyika. Mwanachuo mmoja alikuwa na mwandiko wa kupendeza na chati za manila ukutani. Kila baada ya dakika chache aliuliza, "Tumeelewa?" Darasa zima likaitika, "Ndiyooo mwalimu!" Nikampa alama za juu. Wakati wa kutoka nikafunua madaftari ya waliokaa nyuma: wote wamekosa hesabu ileile, kwa namna ileile. Alama nilishaandika kwa kalamu ya wino.

Sauti ina maana, sikatai. Mvua ya Tukuyu ikianza kupiga bati, hasikiki mtu, na aliyeiva huacha kupiga kelele akawapa watoto kazi ya kuandika.

Siku hizi nasubiri swali la kwanza, kisha nahesabu kimoyomoyo. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifikisha 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanaojaribu kujibu huongezeka. Mtoto anayeongea Kinyakyusa nyumbani anazihitaji sekunde hizo pengine kuliko mwingine: anatafuta jibu, na Kiswahili cha kulisemea pia.

Halafu nangoja kosa. Hapo ndipo ninapomwona mwalimu.

Mwaka mmoja, kwenye somo la sehemu la mwanachuo mwingine, mtoto aliandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5. Kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Wengi wangesema "Hapana, mwingine!" mpaka apatikane wa kusema 5/6, apigiwe makofi, somo liendelee. Huyu mwanachuo, mwandiko wake kama kuku kapita, hakufuta. Akachora parachichi. "Una nusu. Mama akakuongezea theluthi. Unazo nyingi au chache kuliko mwanzo?" Nyingi. "Haya, 2/5 na nusu, kubwa ipi?" Darasa likanyamaza. Akaliacha linyamaze. Yule yule mtoto ndiye aliyesema, "Mwalimu, imepungua!"

Kuijua hesabu hakutoshi kufanya hivyo. Mtaalamu wa elimu Mmarekani, Lee Shulman, aliandika mwaka 1986 kwamba mwalimu ana ujuzi wake wa pekee, wa somo likiwa limeunganishwa na namna ya kulifundisha, na ndani yake kuna kujua wanafunzi hujikwaa wapi. Fomu yangu haina kisanduku cha jambo hilo, kwa hiyo naliandika pembeni.

Kipindi kikiisha tunatoka nje, tunasimama juani maana ndani kuna baridi. Namuuliza, "Nani hakuelewa leo, na umejuaje?" Akinitajia mtoto na kosa lake, hatuchelewi. Akisema, "Wote wameelewa, mkufunzi," narudi naye darasani tukachukue madaftari ya nyuma.