Je, wajua kwa nini seva husoma upesi lakini huandika kwa kujikongoja?

"Fundi, bei inatokea kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Nikibonyeza 'hifadhi', nahesabu moja mpaka tano, na mteja kasimama na gunia begani."

Niliyaambiwa hayo na karani wa duka moja la jumla la Ngamiani, hapa Tanga. Mama mwenye duka alikuwa ameshashauriwa aongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda, kwenye seva, kompyuta inayotunza hesabu za duka. Akanunua, ikawekwa, na karani akaendelea kuhesabu moja mpaka tano. Pesa ile iliniuma kama yangu, maana RAM haikuwa na kosa.

Bei ya sukari ikishasomwa asubuhi, nakala yake hubaki kwenye RAM, na anayeiuliza tena hujibiwa papo hapo. Lakini RAM ni waja leo waondoka leo: umeme ukikatika, kilichomo chote kimepotea. Kwa hiyo hifadhidata (programu za kutunza data) za kuaminika, kama PostgreSQL, hazithubutu kusema "tayari" kwa mauzo yaliyo kwenye RAM tu. Kwanza huyaandika kwenye logi, daftari la mfululizo lililo kwenye diski, kisha huitaka diski ithibitishe kwamba yamekaa kweli. Agizo hilo huitwa fsync, na mpaka lijibiwe, karani anangoja. Majedwali yenyewe huandikwa baadaye, taratibu.

Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3 hivi. Programu ikiandika muamala (kazi inayothibitishwa kwa mkupuo mmoja) mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukangoja sahani izunguke tena, basi haitavuka miamala kama 120 kwa sekunde, hata prosesa iwe ya bei gani.

Nilifungua iostat, programu ya kupima kazi za diski, kwenye Linux nikatazama safu ya w_await, ambayo ni wastani wa muda ombi la kuandika linaochukua hadi likamilike. Ilisoma karibu milisekunde 25, na prosesa imekaa bure. Nikaomba risiti ya kawaida ya duka lile: mistari 60. Kwa kila mstari, programu iliandika mauzo, ikapunguza stoo, ikaongeza leja, na kila andiko lilikuwa muamala wake peke yake. Miamala 180 mara milisekunde 25 ni sekunde 4.5. Karani hakuwa anakuza maneno hata kidogo.

Mbona 25, si 8? Diski zilikuwa zimepangwa kwa RAID 5, mtindo wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, ambamo andiko moja dogo huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti (hesabu ya kurejeshea data) ya zamani, kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Gharama hiyo kwa kawaida hufunikwa na kadi ya RAID yenye kumbukumbu yake na betri. Kadi hupokea andiko, hujibu "tayari" hapo hapo, kisha huzipelekea diski kwa nafasi yake. Umeme ukikatika katikati, betri huyashikilia yale ambayo hayajafika. Betri ikifa, kadi nyingi huacha kujibu mapema na kungoja diski zenyewe. Data haipotei na mashine haizimi, ndiyo maana watu hukaa miezi bila kujua. Nilifungua boksi, katika kile chumba cha bati chenye joto la kukausha nazi: betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Hiyo subira haizimiki, fundi?" mama aliniuliza.

Huzimika. Kwenye MySQL, kwa mfano, mpangilio mmoja tu hufanya logi ithibitishwe kama mara moja kwa sekunde badala ya kila muamala, na duka lingeruka. "Lakini mama, umeme ukikatika sekunde hiyo, gunia limeshaondoka, risiti anayo mteja, na kitabuni hamna kitu." Hakuuliza tena, alimpigia mtu wa Dar amtafutie betri.

Wakati mwingine tatizo ni faharasa (orodha za kutafutia haraka) nyingi mno kwenye jedwali, kwa kuwa kila moja husasishwa safu mpya ikiingia. Na anayedhani SSD yoyote, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, humaliza mambo aangalie kama ina kapasita, vipande vinavyoshikilia umeme kidogo, za kulinda data umeme ukikatika. Nyingi za bei nafuu hazina, na fsync huzichosha vibaya.

Betri mpya ilipochaji, w_await ilishuka chini ya milisekunde 1. Mwandishi wa programu naye akaiweka mistari yote ya risiti kwenye muamala mmoja, ikawa kungoja mara moja badala ya mara 180. Tarehe ya betri tumeiandika kwa kalamu nene ubavuni mwa seva, upande anaokaa karani.