Kwa nini chaja ya simu inaingia kwenye kompyuta mpakato lakini haiingizi chaji?

Tundu ni lile lile na plagi imekaa sawasawa, lakini kompyuta ama haistuki kabisa, ama inaandika kwamba chaja ni dhaifu huku asilimia za betri zikizidi kushuka. USB-C ni umbo la plagi tu. Umeme kiasi gani utapita humo, hilo huamuliwa na chaja, kebo na kompyuta kwa pamoja, na mmoja wao akiwa mdogo, wote hushuka kumfuata.

Uamuzi wenyewe ni mapatano ya kweli. Ukichomeka, chaja huanza na volti 5. Kisha, kupitia waya mwembamba ulio ndani ya kebo kwa kazi hiyo, hutangaza orodha ya volti na ampea ilizo nazo. Kompyuta huchagua, huomba, na chaja ikikubali volti hupanda. Utaratibu huu unaitwa USB Power Delivery, kwenye maboksi huandikwa PD, na ngazi zake za kawaida ni volti 5, 9, 15 na 20.

Kompyuta nyingi huitaka hiyo 20, na sababu iko kwenye betri. Betri ya seli tatu zilizofuatana hufika takriban volti 12.6 ikijaa, ya seli nne hufika 16.8. Volti 9 haziwezi kusukuma umeme ndani ya betri hiyo mpaka kuwe na sakiti ya kuzipandisha. Baadhi ya kompyuta zina sakiti hiyo na hupokea hata chaja ya simu, polepole. Nyingine hukataa moja kwa moja.

Kwa hiyo usinunue kwa kusoma namba kubwa ya kwenye boksi. Geuza chaja, tafuta mstari wa Output. Chaja nzuri ya wati 65 huandika hivi: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Zidisha ya mwisho, volti 20 mara ampea 3.25, unapata wati 65. Boksi likisema 65W na mstari ukaishia 9V 2A, hiyo ni chaja ya wati 18, iache dukani. Angalia pia chaja za simu zinazotumia mfumo wa kampuni yake. SuperVOOC ya OPPO ya wati 65, kwa mfano, huzifikisha kwa volti 10 na ampea 6.5, na kompyuta haizungumzi lugha hiyo, hivyo hupata sehemu ndogo tu ya wati hizo au haipati kabisa.

Wati ngapi zinatosha? Soma chaja iliyokuja na kompyuta. Za ofisi mara nyingi ni 45 au 65; MacBook Air ya M1 ilitoka na 30; za michezo mara nyingi hupita 180, na hizo kwa kawaida USB-C huziendesha kwa kazi nyepesi tu. Chaja kubwa kuliko mahitaji haiunguzi kitu, kwa sababu kompyuta huvuta inachohitaji. Chaja ya 45 kwenye kompyuta ya 65 itafaa kuandika na kusoma, lakini ukianza kuhariri video, ama kasi itapungua ama betri itashuka ukiwa umechomeka.

Kebo ndiyo inayowaponza wengi. Kebo ya kawaida ya USB-C inaruhusiwa kupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kufika ampea 5 lazima iwe na chipu ndogo ndani ya plagi inayoiambia chaja kwamba waya huu unahimili. Chipu isipokuwepo, chaja ya wati 100 hutoa 60 na hakuna onyo lolote. Unene wa waya si ushahidi. Nunua iliyoandikwa 100W au 240W. Hiyo ya 240W ni ya kiwango kilichotoka mwaka 2021, kinachopanda hadi volti 48. Na kebo yenye USB-A, ile plagi pana ya zamani, upande wa chaja haiwezi kubeba mapatano haya, hata iwe mpya namna gani.

Chaja yenye matundu mawili hugawa nguvu: 65 ikawa 45 na 20 mara tu unapochomeka simu, na chaji ya kompyuta hukatika kwa muda mfupi mapatano yakianza upya. Mgawo huo huandikwa mgongoni.

Si kila tundu la USB-C kwenye kompyuta hupokea umeme. Mengine ni ya data tu. Tafuta alama ya plagi au betri pembeni yake, au sifa za modeli yako zitaje Power Delivery. Ikiwa ilikuja na chaja ya pini ya duara, thibitisha kwanza. Katika Umoja wa Ulaya, kompyuta mpya zinazouzwa kuanzia 28 Aprili 2026 zinatakiwa zichajiwe kwa USB-C, lakini mitumba mingi inayofika kwetu ni ya miaka ya nyuma. Adapta za kugeuza USB-C kuwa pini ya duara hufanya kazi, ila kompyuta haijui kikomo cha chaja: ya wati 90 ikivuta kupita uwezo wa chaja ya 65, chaja hujizima, huwaka, hujizima tena.

Ukitaka uhakika, chomeka kipima cha USB chenye kioo katikati, betri ikiwa chini ya nusu. Ukisoma karibu volti 20, wameelewana. Ukisoma 5, badilisha kebo kwanza, halafu tundu la kompyuta, na chaja iwe ya mwisho.