Mavazi ya ofisini Dar es Salaam, kwa jicho la fundi

Vijana wengi wanaokuja kupimwa kwangu wamepata kazi ya kwanza ya ofisini, na swali lao ni moja: "Fundi, nianze na suti ngapi?" Walio wengi nawashauri waanze bila suti. Kazi ya kushona naipenda na pesa naihitaji, ila Dar es Salaam ina kipimo chake cha vazi la heshima kazini, na kipimo hicho hakianzii kwenye koti.

Simama Posta asubuhi watu wakishuka kwenye daladala na mwendokasi. Kwa wanaume utaona zaidi shati la mikono mirefu lililochomekewa, suruali ya kitambaa, mkanda na kiatu cheusi cha ngozi. Wenye tai ni wachache, wenye koti wachache zaidi. Kwa wanawake uwanja ni mpana: gauni la chini ya goti, sketi na blauzi, suruali ya kitambaa, kitenge kilichokatwa kiofisi, gauni refu na mtandio wa rangi inayoendana nalo. Wengine wamevaa ndala au raba, na viatu vya mchuchumio vinawasubiri chini ya meza ofisini. Kwa safari ya kusimama kutoka Mbagala au Kimara, huo ni uamuzi wa busara kabisa.

Wanachotazama watu wa jiji hili ni unadhifu. Kola imesimama au imelala? Mstari wa pasi uko sawa miguu yote miwili? Kitambaa kinaonyesha mwili ukisimama kwenye mwanga? Mabega ya koti yameishia kwenye mabega yako? Shati la pamba lililonyooka na kiatu kilichopigwa rangi vitakupa heshima kuliko suti iliyoazimwa au kununuliwa kubwa kwa matumaini ya kunenepa.

Sababu kubwa ya kutoanza na suti ni hali ya hewa. Kati ya Januari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 hivi, na kwa unyevu wa bahari jasho halikauki mwilini. Sasa chukua suti ya bei nafuu inayoning'inia Kariakoo. Kitambaa ni polista tupu, bitana, yaani kitambaa cha ndani ya koti, ni polista kuanzia begani hadi kwenye pindo, na kifuani kuna kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi. Hewa haina pa kupita. Ukiongeza kufua na pasi ya moto, gundi inaachia, na kifua cha koti kinaumuka kama andazi. Hapo hata fundi hodari hana cha kuokoa. Ukitaka koti la Dar, tafuta sufu nyepesi au mchanganyiko wenye sufu, kisha mwambie fundi aweke bitana sehemu ya juu ya mgongo na mikononi tu. Mikononi usiiache, maana bila bitana mkono wa koti unang'ang'ania shati na kulivuta.

Ndani ya jengo mambo yanageuka. Viyoyozi vya ofisi nyingi vimewekwa baridi kiasi kwamba wafanyakazi wanatetemeka huku nje kukiwaka jua. Ndiyo maana koti jepesi linaishi mgongoni mwa kiti: linavaliwa mezani na kwenye kikao, na saa ya kutoka linabaki palepale.

Ofisi nazo hazifanani. Serikalini kuna waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, na kwenye malango ya ofisi nyingi utakuta bango lenye picha za nguo zisizoruhusiwa: jinzi, fulana, kaptula, nguo za kubana, zinazoonyesha mwili, sketi fupi. Hata mgeni aliyefuata huduma anaweza kurudishwa getini. Benki nyingi huwapa sare wahudumu wa dirishani. Mawakili huvaa rangi nyeusi na shati jeupe kwa sababu mahakama inataka hivyo. Kampuni za simu na za teknolojia, pamoja na mashirika ya Masaki na Mikocheni, huvumilia jinzi na fulana yenye kola, lakini mfanyakazi huyohuyo akitumwa wizarani hubadilisha nguo. Ijumaa vitenge hutawala karibu kila mahali, na kanzu safi na kofia haimshangazi mtu.

Ukali wa mavazi jijini hapa una historia, na sehemu yake inauma. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, wigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Marufuku ilikuwa ianze Januari 1969, lakini makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake mitaani kabla siku hiyo haijafika. Hadi leo namwona dada akikaguliwa goti na nyonga pale ambapo kaka mwenye shati lenye madoa ya jasho anapita bila kuulizwa. Siafiki. Kama unadhifu ndio sheria, iwe sheria ya wote.

Vazi ninalolipigania ni suti ya Kaunda, iliyopata jina kwa Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991. Haihitaji tai wala shati la ndani, na mikono inaweza kuwa mifupi. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni humo. Kwetu ingali na heshima yake, ila vijana wanaiona ya wazee. Wazee walijua joto. Ishonwe bila bitana, mabega yawe laini, kitambaa kiwe pamba yenye polista kidogo isijikunje, na urefu ufunike makalio. Ukivaa mkato huo, hakuna kikao cha Dar utakachoingia ukaonekana hujajiandaa.

Suti kamili ya sufu yenye bitana nzima siku hizi nawashonea zaidi wanaokwenda Dodoma. Tangu uamuzi wa 2016 wa kuhamishia serikali huko, wateja wangu wengi wanaishi kati ya miji miwili, na asubuhi za Juni na Julai kule zina baridi ya kweli. Kama nawe ni wa safari hizo, agiza suruali mbili kwa koti moja, zikatwe siku moja kwenye jora lilelile. Suruali huchakaa mapema kuliko koti, na jora likiisha dukani, linalofuata huwa na rangi tofauti kidogo hata kama namba ni ileile.