Mbona programu ya Java inakubali mezani, halafu inakosea msimu ukianza?

Vijana wanaoandika programu hapa Mtwara, Masasi na Newala huniuliza maswali ya Java mwaka mzima, lakini kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, maswali huja kwa mafuriko. Mtu ameandikia chama cha msingi programu ya kupokea mzigo: jina la mkulima, namba yake, kilo, daraja, makato, malipo. Ameijaribu kwa wakulima watano wa kubuni na kila kitu kimekaa sawa. Msimu ukichanganya, katibu anapiga simu: jumla ina alama ya kutoa mbele yake, na mkulima aliyesajiliwa tangu Agosti anaambiwa hayupo.

Wengi wanaonijia na matatizo haya Java wanaijua. Shida ni kwamba lugha hii ina makosa yasiyojitokeza namba zikiwa ndogo na mtumiaji akiwa mmoja. Nitaeleza yale ninayoulizwa zaidi, na kila moja nitasema ni data ya namna gani inayolifichua.

Mkulima namba 128

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Tazama mistari hii:

```java
Integer a = mkulima.getNamba();
Integer b = stakabadhi.getNamba();
if (a == b) {
    lipa(mkulima);
}
```

Wakulima namba 1 hadi 127 wanalipwa vizuri. Wa 128 na kuendelea hawalipwi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Sababu ni hii. `int` ni namba yenyewe. `Integer` yenye herufi kubwa ni kitu kamili kinachokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na alama `==` kati ya vitu viwili haiulizi kama thamani zao zinalingana. Inauliza kama ni kitu kilekile kimoja. Sasa, Java inapogeuza `int` kuwa `Integer`, namba kuanzia -128 hadi 127 inazo tayari, imezitengeneza mapema ili kuokoa kumbukumbu, na kila anayeihitaji 50 anapewa 50 ileile. Ukivuka 127, kwa kawaida kila mara kinaundwa kitu kipya. Namba mbili za 128 zinakuwa vitu viwili tofauti, na `==` inajibu hapana.

Tumia `a.equals(b)`. Kama kuna uwezekano `a` ikawa tupu, tumia `Objects.equals(a, b)`. Na kama namba haiwezi kuwa tupu kabisa, itangaze kuwa `int` tangu mwanzo, ugonjwa uondoke wenyewe.

Maandishi nayo yana mtego huohuo. Ukilinganisha `"Daraja la kwanza" == "Daraja la kwanza"` ndani ya programu, jibu ni kweli, kwa kuwa maandishi yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo huhifadhiwa mara moja na kutumiwa kwa pamoja. Maneno hayohayo yakitoka kwenye kibodi ya karani au kwenye kanzidata, jibu linageuka. Ndiyo maana jaribio lako la mezani lilipita. Kwa maandishi, `equals` siku zote.

Kwenye majaribio yako, basi, wape wakulima namba kama 4071 na 12850. Mkulima namba 3 hakufichulii lolote.

Pesa iliyogeuka deni

Thamani kubwa kabisa inayoingia kwenye `int` ni 2,147,483,647. Kwa anayehesabu mayai ni nyingi mno. Kwa shilingi za korosho ni ndogo. Chukua bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo: mzigo wa tani 716 una thamani ya shilingi 2,148,000,000, na tayari umepita. Java haitalalamika. Itazunguka upande wa pili na kukuandikia -2146967296.

Wengi husema, "Lakini kaka, mimi nilitumia `long`," yaani aina ya namba inayobeba kubwa kuliko `int`. Nikiomba kuona msimbo, nakuta hivi:

```java
int kilo = 716000;
int bei = 3000;
long jumla = kilo * bei;
```

Hapa `long` imechelewa kufika. Java inafanya kwanza kuzidisha, na kwa kuwa pande zote mbili ni `int`, jibu linaharibika likiwa bado `int`. Ndipo linapowekwa kwenye `long`, likiwa limeshaharibika. Tangaza `kilo` na `bei` zenyewe kuwa `long`. Mimi pia hutumia `Math.multiplyExact(kilo, bei)`, iliyopo tangu Java 8, kwa sababu namba zikizidi inasimamisha kazi na kutoa kosa. Kwenye malipo ya watu, programu iliyosimama ni bora mara elfu kuliko programu inayoendelea na hesabu ya uongo.

Tatizo la pili la pesa ni `double`. Aina hii huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haina umbo kamili katika mfumo huo, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho ukiiandika kwa desimali. Jumlisha 0.1 mara kumi kwa `double`, utapata 0.9999999999999999. Badilisha shilingi 0.29 kuwa senti kwa kuzidisha na 100, unapata 28.999999999999996, na ukikata desimali kwa `(long)` zinabaki senti 28. Senti moja si kitu, utasema. Zidisha kwa kilo za mkulima, halafu kwa wakulima wa chama kizima, halafu jaribu kumweleza mhasibu kwa nini orodha ya malipo hailingani na fedha zilizoingia. Mkulima ana haki ya kukuta kwenye karatasi yake hesabu ileile anayoipata kwa kalamu.

Njia nyepesi ni kuhifadhi uzito kwa gramu na pesa kwa senti, vyote kwenye `long`. Panapokuwa na asilimia na viwango vya makato, tumia `BigDecimal`, aina ya Java inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa, lakini ujue tabia zake. Iunde kutoka kwenye maandishi, `new BigDecimal("0.1")`. Ukiipa 0.1 bila alama za nukuu unaikabidhi ile `double` iliyokwisha kosea, na itaihifadhi kasoro hiyo kwa uaminifu wote. Ukilinganisha kwa `equals`, 2.0 na 2.00 si sawa, kwa kuwa idadi ya desimali nayo inahesabiwa; hapa ndipo `compareTo` inapohitajika. Na ukigawa 10 kwa 3 bila kusema ukadirie vipi, itatoa `ArithmeticException`, kwa sababu jibu halina mwisho.

Kukadiria kwenyewe usiamue peke yako. Kati ya `HALF_UP` (nusu hupandishwa) na `HALF_EVEN` (nusu huenda kwenye namba shufwa iliyo jirani) kuna tofauti ya nani anapata senti ya mwisho. Nenda kwa mhasibu wa chama, muulize utaratibu wao, kisha uandike huo.

NullPointerException

Hili ni kosa linalotoka programu inapojaribu kutumia kitu ambacho ni tupu, yaani `null`. Kuanzia Java 15 ujumbe wake unaeleza wazi ni kipi kilikuwa tupu: unakuambia, kwa mfano, kwamba jibu la `getAkaunti()` lilikuwa `null`. Usome wote kabla ya kupiga simu. Kama bado unatumia toleo la zamani linalokupa namba ya mstari tu, vunja mstari mrefu wenye nukta nne kuwa mistari minne, utamjua mhusika.

Lakini swali lenye faida zaidi ni kwa nini akaunti ilikuwa tupu. Mara nyingi jibu liko nje ya Java: mkulima hajafungua akaunti ya benki, na fomu yako ilimruhusu karani kuendelea. Kuzungushia `if (akaunti != null)` kunanyamazisha kosa na kumwacha mkulima bila malipo. Mrudishe karani kwenye fomu, au weka orodha ya wanaosubiri akaunti, ili mtu awaone.

Kwangu inafunguka, ofisini haifunguki

Ukiona `UnsupportedClassVersionError`, tazama namba mbili zilizo ndani ya ujumbe. 52 ni Java 8, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Umetengeneza programu kwa toleo jipya na kompyuta ya ofisi ina la zamani. Java 8 ilitoka mwaka 2014 na bado unaikuta kwenye ofisi nyingi. Sakinisha toleo jipya pale ofisini, au, kama huruhusiwi kugusa mashine yao, kompaili kwa `javac --release 8`. Ukichagua njia hii ya pili, mambo yaliyoongezwa kwenye lugha baada ya toleo hilo hutaweza kuyatumia.

Makarani wawili, mizani mbili

`jumla = jumla + kilo` inaonekana tendo moja. Ni matatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Makarani wawili wakituma mzigo kwa sekunde ileile, wote wanaweza kusoma jumla ya zamani, na anayeandika mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Ukijaribu peke yako, hutaliona hadi kesho. Anzisha nyuzi 100 (threads, yaani kazi zinazoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu moja), kila moja iongeze 1 mara 1,000, kisha uangalie kama unapata 100,000. Mara nyingi zitapungua. `AtomicLong`, namba ambayo huongezwa kwa tendo moja lisilokatizwa, inatibu hilo ndani ya programu moja. Kwa jumla inayohusu malipo, afadhali kila mzigo uwe rekodi yake kwenye kanzidata, na jumla itafutwe kutoka kwenye rekodi hizo.

Tarehe zinazoruka mwaka

Msimu wetu unavuka mwaka mpya, kwa hiyo hili linatuhusu sana. Ukipanga tarehe kwa mtindo wa `YYYY-MM-dd`, hizo `Y` kubwa hazimaanishi mwaka wa kalenda. Zinamaanisha mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa kuwa yake. Desemba 31, 2025 ilikuwa Jumatano, katika wiki ileile yenye Januari 1, kwa hiyo stakabadhi ya siku hiyo inachapishwa 2026-12-31. Mzigo umepokelewa leo, karatasi inasema mwaka mmoja mbele. Ulipojaribu Septemba tarehe zote zilikuwa sahihi.

Andika `yyyy` ndogo. Na kama bado unatumia `SimpleDateFormat`, hamia kwenye `LocalDate` na `DateTimeFormatter`, zilizopo tangu Java 8. Ile ya zamani haistahimili kutumiwa na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, hizi mpya zinastahimili. Kisha andika jaribio la kudumu lenye tarehe mbili, 2025-12-31 na 2026-01-01, na liendeshwe kila unapobadilisha chochote kwenye uchapishaji wa stakabadhi.