"Hapa kwetu hakuna ubaguzi": dhana potofu kuhusu rangi na dini kazini

Dhana: Anayebagua ni mtu mwenye chuki, na kwetu hayupo.

Chuki wala haihitajiki. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wa maombi ya kazi karibu 5,000 yaliyotumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago. Waombaji walikuwa wa kubuni, na majina waligawiwa kibahati: huyu Emily au Greg, yule Lakisha au Jamal, majina ambayo Marekani husikika kuwa ya watu weusi. Kina Emily waliitwa mara moja katika kila maombi kama 10. Kina Lakisha, mara moja katika 15. Nadhani wengi waliopitia maombi hayo wangeapa kwamba walitazama sifa tu.

Dhana: Usawa ni kuwawekea wote utaratibu mmoja.

Hii hunisumbua kuliko zote, maana inasikika ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba utaratibu wenyewe una wenyewe. Kikao cha kila wiki kikiwekwa Ijumaa saa saba mchana, hakuna aliyefukuzwa. Ila Muislamu ndiye atakayechagua, wiki baada ya wiki, kati ya swala na kikao. Zamu ya Jumamosi haimgusi anayesali Jumapili, lakini Msabato, ambaye Sabato yake huingia jua linapozama Ijumaa, ataonekana mkaidi. Sikukuu za baadhi ya watu zimeshachapwa kwenye kalenda ya ukutani. Za wengine mpaka ziombewe ruhusa. Ramadhani nayo husogea mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kunakili ratiba ya mwaka jana hakusaidii.

Dhana: Ukimruhusu mmoja, mzigo wanabeba wenzake.

Hofu hii si ya bure. Zamu lazima ishikwe na mtu. Lakini hubadilishwa: huyu ashike Krismasi, yule ashike Idi, na mara nyingi wafanyakazi hupatana wenyewe wakiachiwa nafasi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mfanyakazi wa posta aliyekataa kazi za Jumapili, ilisema usumbufu mdogo hautoshi kumnyima mtu. Mwajiri aonyeshe kwamba gharama ni kubwa kwa shughuli zake.

Dhana: Ni utani tu, mbona mwenyewe anacheka?

Mtazame vizuri anayetaniwa lafudhi au nywele. Huanza kucheka wa mwisho, tena kwa meno tu, kisha huinamia simu. Akinuna ataitwa mtu wa kinyongo, basi anacheka.

Dhana: Ukigusa dini au rangi, huwezi tena kukataa kumwajiri mtu.

Unaweza. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unakataza ubaguzi wa rangi na dini katika ajira, lakini sharti linalotokana na kazi yenyewe hauliiti ubaguzi.

Dhana: Semina moja ya lazima inamaliza yote.

Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev wamefuatilia kampuni nyingi za Marekani kwa miaka mingi. Semina za kulazimishwa hazikuongeza mameneja weusi, na kwingine idadi ilishuka. Kilichosaidia ni mambo kama kumpa mfanyakazi mtu wa ngazi ya juu wa kumlea kikazi.