Kipande cha printa ya 3D: uzito uko wapi?

Vijana wanaobuni maboya ya kupimia joto la maji ya Ziwa Victoria hapa Kisumu huniletea swali moja: mbona kompyuta inasema kipande kina gramu 79, na mizani inasema 23?

Kompyuta haijakosea hesabu. Programu ya usanifu huchukua ujazo wa umbo zima na kuuzidisha kwa densiti ya plastiki, kana kwamba ndani kumejaa. Printa hujenga ngozi ya nje, kisha ndani husuka wavu wenye nafasi tele.

Chukua mchemraba wa milimita 40 kila upande, wa PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizi, yenye densiti ya gramu 1.24 kwa sentimita moja ya ujazo. Ukijaa kabisa una gramu 79.4. Upe ngozi ya milimita 1.2 pande zote na wavu unaojaza asilimia 15 tu ya nafasi ya ndani, unashuka hadi gramu 23.3 hivi.

Wengi hugawanya 23.3 kwa ujazo wa sentimita 64, wakapata densiti ya 0.36, wakaiingiza kwenye programu na kuendelea. Uzito wa jumla utakuwa sawa, lakini mgawanyo wake utakuwa wa uongo, na kwa kitu kinachoelea mgawanyo ndio kila kitu. Plastiki nyingi imekaa nje, mbali na katikati. Kwa densiti moja, momenti ya inesha ya mchemraba huo, yaani kipimo cha jinsi unavyokataa kuzungushwa, hutoka kama gramu-sentimita mraba 62. Hesabu ngozi na wavu kila kimoja peke yake, utapata karibu 80.

Kwenye boya hatari huzidi. Ubapa wa milimita 2.4 unaoshika antena juu ni ngozi mbili zilizokutana: umejaa, hauna wavu hata chembe. Kiwiliwili kinene kilicho chini yake ni chepesi mno. Densiti moja huvihesabu kana kwamba ni sawa, basi kitovu halisi cha uzito kiko juu kuliko kinavyoonyeshwa kwenye skrini, na boya lililoonekana thabiti linalala ubavu kwenye wimbi la kwanza.

Mimi husisitiza kipande kichorwe kama miili miwili. Toa kiini ndani ya umbo, ukiacha unene wa ngozi. Ngozi ipe 1.24, kiini 0.19, yaani asilimia 15 ya 1.24. Programu itajitafutia kitovu na inesha yenyewe. Kisha linganisha na gramu zinazotajwa na programu ya kukata tabaka, ile inayogawa umbo kuwa tabaka za kuchapishwa, ila uondoe kwanza vishikizo, nguzo za muda zinazoshikilia kipande kikichapishwa, maana navyo huhesabiwa humo. Kipande kikishatoka, kitundike kwa uzi kutoka sehemu mbili tofauti, kila mara uchore mstari wa wima unaofuata uzi. Mistari inapokutana ndipo kitovu kilipo. Kama hapafanani na skrini, kagua unene wa tabaka za juu na chini kwanza. Mara nyingi haulingani na wa kuta.