Kupitia upya uainishaji wa mbawakawa: maana yake

Kupitia upya uainishaji wa kundi la mbawakawa ni kukusanya sampuli zote zinazopatikana za kundi hilo, kuzichunguza tena kiungo kwa kiungo, kisha kuamua spishi zipi zibaki, zipi ziunganishwe, zipi zigawanywe na zipi zihamie jenasi nyingine, yaani kundi lingine la spishi zenye undugu wa karibu.

Kazi hii haiishi. Sayansi imekwisha kueleza karibu spishi 400,000 za mbawakawa, na nyingi zilipewa majina na watu waliokuwa na sampuli moja au mbili tu. Mmoja alipata dume mwenye pembe akampa jina; mwingine akapata jike asiye na pembe, naye akampa jina lake. Wakigundulika kuwa spishi moja, kwa kawaida hubaki jina lililotangulia kuchapishwa, ila hakuna kurudi nyuma ya mwaka 1758, ilipotoka kazi ya Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, ambayo majina ya kisayansi ya wanyama huanzia.

Ugumu hasa ni kujua umbo lipi la kuaminiwa. Rangi hudanganya sana: mdudu kobe aitwaye Harmonia axyridis huweza kuwa mwekundu mwenye madoa meusi, au mweusi mwenye madoa mekundu. Ndiyo maana wataalamu huhesabu pingili za vipapasio na za nyayo, na zaidi ya yote hutazama kiungo cha uzazi cha dume. Sampuli kavu hulainishwa kwa maji ya moto, kiungo kikatolewa kwa sindano na kulowekwa kwenye dawa inayoyeyusha nyama, ikabaki sehemu ngumu ya kutazamwa kwa hadubini. Mbawakawa wawili wanaofanana kama mapacha kwa nje mara nyingi huachana hapo.

Kutenganisha spishi ni jambo moja. Kujua nani ndugu wa nani ni jingine. Kukosa mabawa ya kurukia, kwa mfano, si ushahidi wa undugu, kwa kuwa koo nyingi za mbawakawa zimeyapoteza kila moja kwa wakati wake. Kinachotafutwa ni umbo jipya lililorithiwa kwa babu mmoja.

Kwa njia hiyo, mwaka 1995 wataalamu wa mbawakawa Alfred Newton na Margaret Thayer walilinganisha maumbo ya wadudu wazima na ya mabuu, wakaiondolea Pselaphidae, kundi la mbawakawa wadogo sana, hadhi ya familia na kuiingiza ndani ya Staphylinidae, familia kubwa ya mbawakawa ambao wengi wana mabawa magumu mafupi. Maelfu ya spishi yalihama kwa pamoja.

Mapitio mazuri huambatana pia na ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali kuhusu maumbo yanayoelekeza kwenye jina la spishi, ili mwenye mdudu mkononi aweze kumtambua mwenyewe.